Mugumo, Msalaba na Karura

Binti mmoja wa Ihithe, Nyeri, kila alipotumwa kuni alikuwa na sharti la kushika: asiokote hata kijiti chini ya mugumo uliosimama karibu na kwao. Mama yake alimwambia kuwa huo ni mti wa Mungu. Jirani na mti palikuwa na kijito, na humo mtoto alijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga za kuvaa shingoni. Kila alipoyagusa yalimponyoka. Miaka ikapita. Binti akasoma, akawa daktari wa sayansi, akarudi kijijini akakuta mugumo haupo na kijito kimekauka. Binti huyo ni Wangari Maathai, naye alikisimulia kisa hicho katika tawasifu yake, "Unbowed", iliyotoka mwaka 2006.

Tangu hapo mugumo wa Ihithe umekuwa kielelezo namba moja katika kesi dhidi ya Ukristo. Mashtaka yanajulikana. Wamisionari waliwafundisha Wagikuyu kwamba Mungu hakai mlima Kirinyaga wala hasikilizi chini ya mti. Ibada ikahamishiwa kwenye nyumba ya mawe siku ya Jumapili. Mti uliolindwa na heshima ukabaki mbao tupu, na shoka likafuata. Hadi hapo kuna ukweli mwingi, na Maathai mwenyewe aliusema bila kumung'unya maneno. Tatizo ni hukumu inayotolewa baadaye: kwamba Mkristo anayetetea msitu hutenda hivyo licha ya imani yake, kwamba Maathai aliyapata yote kwa mababu na kanisani hakuokota kitu.

Hoja hiyo ina mzee wake wa ukoo. Machi 1967 mwanahistoria Lynn White aliandika katika jarida la Science kwamba Ukristo wa Magharibi, kwa kuziondoa roho mitini na mitoni, ndio uliompa binadamu ruhusa ya kuinyonya dunia bila kujali. Makala yake imenukuliwa kuliko ilivyosomwa. Wanaoitumia kama rungu hawafiki mwishoni, ambako White anapendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaikolojia. Miaka 12 baadaye, mwaka 1979, Papa Yohane Paulo wa Pili alifanya hivyo hivyo.

Hata hivyo jibu zuri zaidi lipo Afrika, na ni la karne nyingi. Nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, ambako Ukristo umekuwapo tangu karne ya nne, zimebaki mashamba na malisho matupu. Katika eneo kama Gondar Kusini, madoa ya kijani yaliyosalia ni misitu inayozunguka makanisa ya Kiorthodoksi ya Tewahedo: miti ya asili, ndege, chemchemi, na katikati yake kanisa la mviringo. Waumini huuona msitu kuwa vazi la kanisa. Kama kumwamini Kristo kungekuwa sababu tosha ya kukata miti, huko kusingebaki hata kichaka.

Na mugumo wa Ihithe ulikatwa na nani? Maathai alijibu swali hilo kwa sentensi chache ambazo washitaki huziruka. Shamba lilipata mmiliki mpya. Aliona mti unamlia nafasi, akauangusha apande chai. Katekisimu ilikuwa imelegeza ulinzi wa mti huo, ndiyo, lakini aliyeinua shoka alisukumwa na bei ya majani chai.

Mambo ya kabla ya hapo yanafahamika na hayahitaji kurefushwa. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, wakapokewa na Karuri wa Gakure. Sheria za Ardhi ya Taji za mwaka 1902 na 1915 ziliwafanya wenyeji kuwa wapangaji kwao wenyewe. Misitu ikapewa mabwana misitu. Tukio moja la enzi hizo, hata hivyo, limesahauliwa isivyo haki. Julai 1922, huko Muguga, afisa wa misitu aliyeitwa Richard St. Barbe Baker, kijana aliyekuwa amesomea uchungaji kabla ya kusomea misitu, alishirikiana na Chifu Josiah Njonjo kuandaa ngoma ya miti. Wagikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna. Za miti hawakuwa nazo. Vijana walicheza, wakaapa kupanda na kulinda miti, na chama kilichozaliwa siku hiyo kikapewa jina la Kiswahili: Watu wa Miti. Baadaye jina hilo lilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuenea nchi nyingi, hata wengi wakadhani chama ni cha Uingereza.

Kutoka hapo mpaka mwaka 1977, Maathai alipoanza kazi yake ya miti, historia hii ina pengo, nalo liachwe kama lilivyo. Chanzo kinachodai kusomwa upya ni kingine: kitabu cha Maathai cha mwaka 2010, "Replenishing the Earth", cha mwisho kuchapishwa akiwa hai. Tawasifu yake ipo kwenye mitaala na kwenye midomo ya watu. Hiki cha imani kimeachwa rafuni. Wanamazingira hukiona cha kidini mno, na watu wa dini hukiona cha mazingira mno, basi kikakosa wenyewe.

Humo mwanamke anayedaiwa kuokota kila kitu kwa mababu anaisoma Biblia yake mstari kwa mstari. Anataja maadili manne yaliyoliongoza Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, harakati yake ya kupanda miti: kuyapenda mazingira, kushukuru na kuheshimu rasilimali za dunia, kujiwezesha na kujiboresha, na moyo wa kutumikia. Anawalaumu wahubiri wanaoisifu mbingu hadi waumini wakaichukulia dunia kama kituo cha basi, mahali pa kungoja na kutupa taka. Anakaa na Mwanzo, mahali binadamu anapowekwa bustanini ailime na kuitunza, na kulitilia mkazo neno la pili ambalo mahubiri mengi hulipita mbio. Hayo ni maneno ya muumini anayegombana na watu wa nyumbani kwake, na mtu hagombani hivyo na nyumba asiyoishi.

Malezi yake yanathibitisha. Akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa bweni kwa Masista wa Consolata, Mathari. Kisha Loreto, Limuru. Mwaka 1960 alipanda ndege pamoja na mamia ya vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa kusoma Marekani, akaishia Atchison, Kansas, katika chuo cha masista Wabenedikto, akahitimu mwaka 1964. Alikiri kwamba masista wale, walioacha nchi na jamaa zao kuwatumikia watoto wa wengine, walimfundisha maana ya utumishi kabla hajaipata kitabuni.

Tarehe 5 Juni 1977, katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ilipandwa miti saba kwa heshima ya mashujaa saba wa jamii mbalimbali, Mekatilili wa Menza na Waiyaki wa Hinga wakiwamo. Kutoka hapo vuguvugu la Maathai lilienea kwa njia ya vitalu vya miche vya wanawake wa vijijini. Mabwana misitu waliwacheka: kupanda miti kunahitaji diploma. Akina mama walichukua makopo yaliyotoboka, wakayajaza udongo, wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakatazama zipi zinaota na zipi hazioti. Kwa kila mche uliopona, mama alilipwa senti chache. Hadi Maathai anapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, hesabu ilikuwa imefika miti milioni 30.

Laiti historia ingeishia kwenye miche, kusingekuwa na haja ya kuandika neno shahidi. Ila mti unahitaji ardhi, na katika Kenya ya miaka ya mwisho ya karne ya ishirini ardhi ya umma ilikuwa ikigawiwa wakubwa kama nyama ya sikukuu. Hapo ndipo kitalu kilipokutana na kirungu, na hapo ndipo pia baadhi ya watu wa kanisa walipoonyesha walichokuwa wakikihubiri.

Mwaka 1989 ulianza vibaya. Usiku mmoja wa Aprili, genge lilivamia nyumba ya Askofu David Gitari wa Kianglikana huko Kirinyaga, mtu aliyekuwa akikemea wizi wa kura na unyakuzi wa ardhi. Aliokoka kwa sababu majirani waliitikia mayowe. Miezi michache baadaye ikajulikana kwamba katikati ya bustani ya Uhuru, pumziko la pekee la wachovu wa Nairobi, lingejengwa jumba la ghorofa 60 likiwa na sanamu ya rais. Maathai aliandika barua kwa kila aliyefikirika. Wabunge walimtukana. Rais Moi alisema mwanamke mwema wa Kiafrika huwaheshimu wanaume na kukaa kimya. Ofisi ya vuguvugu ilifukuzwa kwenye jengo la serikali kwa notisi ya saa 24, na Maathai akahamishia kazi nyumbani kwake. Wafadhili wa kigeni wakaogopa, jumba likafa, bustani ikabaki.

Mwaka uliofuata, Agosti 14, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikufa katika ajali ya gari akirudi kutoka Busia. Siku chache kabla, waziri mmoja alikuwa amemtisha hadharani kwamba akithubutu kukanyaga Busia hatatoka hai. Muge alikwenda, akahubiri, akafa njiani. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni kwamba alionywa na akapanda gari.

Kisha Februari 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja kwa Maathai, naye akakaa nao katika kona ya bustani ile ile aliyoiokoa, wakiwa wamefunga kula ili wana wao waachiwe. Kona ikaitwa ya Uhuru. Baada ya siku nne, tarehe 3 Machi, polisi walikuja na gesi ya machozi na virungu. Maathai aliangushwa akapoteza fahamu. Akina mama wazee walivua nguo mbele ya polisi, laana nzito kuliko zote ambayo mwanamke aliyezaa anaweza kumtupia mtu wa rika la mwanawe.

Wangekwenda wapi baada ya hapo? Ng'ambo ya barabara kuna Kanisa Kuu la All Saints. Provosti Peter Njenga aliwapokea, na vyumba vya chini ya kanisa vikawa makao yao. Walidhani ni siku chache. Walikaa karibu mwaka mzima, polisi wakizunguka nje, mpaka mapema mwaka 1993 wafungwa 51 kati ya 52 walipoachiwa. Wanaoandika historia ya demokrasia ya Kenya hulitaja kanisa hilo kama anwani tu. Lakini fikiria mwaka mzima: wanawake wanaolala juu ya magodoro sakafuni, ibada ikiendelea juu ya vichwa vyao, na uongozi wa kanisa ukijua kwamba kila siku ya ziada ni deni kwa serikali. Bila kona ile ya bustani kusingekuwa na mahali pa kufungia kula, na bila vyumba vile vya chini mfungo ungeishia kwenye gesi ya machozi. Msitu, haki na imani vilikuwa vimekaa chini ya paa moja.

Karura ndiyo ilikuja kuyakusanya yote. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000, uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, ni pafu la kaskazini mwa Nairobi. Ndani yake kuna mito, mianzi, maporomoko ya maji na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1998 ilibainika kuwa vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kwa siri watu binafsi wa kujenga majumba. Maathai na wenzake walianza kuingia na miche. Kitalu chao kilipong'olewa, walipanda upya.

Tarehe 8 Januari 1999 walirudi wakiwa pamoja na wabunge sita wa upinzani, waandishi wa habari na wageni waliokuja kushuhudia. Langoni walikuta kundi kubwa la wanaume waliokodiwa, wenye mapanga, marungu na mijeledi. Maathai aliomba kupanda mti mmoja tu. Alipoinama na jembe, walivamiwa. Alipigwa kichwani, damu ikamtiririka usoni na kwenye nguo. Wabunge wanne nao waliumizwa, pamoja na waandishi na wanamazingira kutoka Ujerumani.

Alikwenda kituo cha polisi kushtaki. Polisi walikataa kurudi naye msituni kuwakamata washambuliaji. Walimpa karatasi ya maelezo atie sahihi. Akachovya kidole kwenye damu ya kichwa chake, akatia sahihi kwa damu hiyo.

Mashambulizi yale yalikuwa yamenaswa kwenye kamera, na dunia nzima ikayaona. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani. Tarehe 16 Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardhi ya umma. Karura ipo hadi leo, na watu wa Nairobi hutembea humo Jumapili baada ya ibada wakiwa na watoto wao.

Sahihi ile ya damu inarudisha makala hii kwenye neno ambalo Kiswahili kimelihifadhi vizuri. Shahidi ni anayesimama mahakamani kueleza alichokiona. Shahidi pia ni anayeuawa kwa ajili ya imani. Lugha nyingi zimetenganisha maana hizo na kuzipa maneno mawili. Kiswahili kimeziacha pamoja, kama Kiarabu tulikolichukua neno, na kama Kigiriki cha Agano Jipya. Karatasi ya polisi ya Januari 1999 inazibeba zote mbili: ni maelezo ya shahidi wa tukio, yametiwa sahihi kwa damu ya shahidi wa imani ambaye, kwa rehema, hakufa.

Wapo wanaopinga matumizi hayo ya neno. Wanasema shahidi lazima auawe na mtu anayeichukia imani, na walionyakua Karura hawakuwa na ugomvi na Nikea wala na Ekaristi, walitaka viwanja. Kwa kipimo hicho Nabothi wa Kitabu cha Wafalme naye alikufa kwa kesi ya shamba. Lakini alikataa kuuza kwa sababu urithi wa baba zake ulikuwa amana kutoka kwa Mungu, na nabii Eliya hakuichukua kesi ile kuwa ya mipaka ya viwanja.

Kanisa Katoliki lenyewe limekwisha kuuachia mlango huo wazi. Mwaka 2015 Roma ilimtambua Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador kuwa shahidi, ingawa wauaji wake walikuwa wabatizwa. Karibu zaidi na kwetu yupo Floribert Bwana Chui wa Goma. Kijana huyo, mkaguzi wa forodha, alikataa rushwa ili asipitishe mchele ulioharibika uliokuwa uende kwenye sufuria za maskini. Mwaka 2007 alitekwa na kuuawa akiwa na umri wa miaka 26. Hakuna aliyemwambia amkane Kristo. Aliambiwa apitishe mzigo. Juni 15, 2025, alitangazwa mwenye heri huko Roma, akiwa shahidi. Ikiwa kuukataa mchele mbovu ni kushuhudia imani, itakuwaje kuukataa mto mfu na msitu ulioibwa kusiwe hivyo?

Swali hilo linamgusa Dorothy Stang, sista Mmarekani aliyeishi Brazili tangu mwaka 1966. Katika jimbo la Pará aliwasaidia wakulima wadogo kupata hati na kulima bila kuufyeka msitu wa Amazon. Februari 12, 2005, karibu na Anapu, wanaume wawili walimsimamisha kwenye njia ya matope. Walimuuliza kama ana silaha. Alitoa Biblia, akaanza kuwasomea Heri. Alikuwa na miaka 73. Walimpiga risasi sita.

Kwetu yumo Padre John Kaiser wa Shirika la Mill Hill, aliyewatetea waliofurushwa mashambani mwao Bonde la Ufa na kutaja majina ya wakubwa mbele ya tume ya serikali. Maiti yake ilikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, Agosti 2000. Wapelelezi wa Marekani walisema amejiua. Uchunguzi wa mahakama ya Kenya, mwaka 2007, uliikataa kauli hiyo na kuamua kuwa aliuawa. Kesi ya Kaiser ilikuwa ya ardhi na watu, na asiyeona uhusiano wake na Karura hajawahi kuona msitu ukigawanywa: waliopewa ardhi za waliofurushwa na waliopewa vipande vya msitu walipewa kwa kalamu moja.

Haki inataka upande wa pili nao usemwe. Makanisa hayakusimama pamoja. Africa Inland Church, kanisa alilosali Moi, lilijitoa katika Baraza la Makanisa ya Kenya mwaka 1986 baraza hilo lilipopinga upigaji kura wa mlolongo. Na Tume ya Ndung'u ilipotoa ripoti yake mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma, taasisi za dini zilikuwamo miongoni mwa walionufaika. Kuna madhabahu zilizosimama juu ya viwanja vilivyoporwa. Ndiyo maana waliokubali kupigwa wanastahili kutajwa kwa majina: walipanda mlima huo huku baadhi ya ndugu zao wakiwa upande wa walionyakua.

Waraka wa Papa Fransisko, "Laudato Si'", ulipotoka mwaka 2015, wengi waliupokea kana kwamba ndiyo mara ya kwanza Ukristo kuufikiria mti. Ilikuwa imepita miaka 38 tangu Kamukunji. Novemba mwaka huo Papa alifika Gigiri, Nairobi, makao ya Umoja wa Mataifa, akapanda mti. Gigiri imepakana na Karura. Mwenye macho angeweza, kutoka huko, kuiona miti ambayo ipo kwa sababu mwanamke mmoja Mkatoliki aliinama na jembe mbele ya mapanga.

Yeye hakuwapo kumkaribisha. Alikuwa ameacha wazo moja ambalo makanisa mengi bado hayajalitekeleza: Jumatatu ya Pasaka iwe siku ya Wakristo kupanda miti. Alieleza kuwa ili Kristo asulubiwe, ilibidi mtu aingie msituni, akate mti na kuuchonga msalaba. Basi anayeushangilia ufufuko ana mti wa kurudisha.

Maathai alifariki Septemba 25, 2011. Alikuwa ameiambia familia yake kwamba hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Oktoba 8, miaka saba kamili tangu Nobel itangazwe, alifanyiwa mazishi ya kitaifa katika bustani ya Uhuru, kwenye kona ile ile alikopigwa na polisi mwaka 1992. Jeneza lilikuwa fremu ya mianzi, limesukwa kwa mafunjo na magugumaji.